Majagi Manne ya Huguette Mazoyer

Huguette Mazoyer alikuwa na miaka kumi na minne alipomwonea Ghislaine wivu kwa mara ya kwanza, na tangu siku hiyo wivu huo haukupata likizo.

Ilikuwa siku ya mwisho ya mavuno. Pale Chervigny, kijiji cha wakulima wa mizabibu huko Ufaransa, mkokoteni wa mwisho unaotoka kwenye mizabibu hupambwa kwa maua, na msichana mmoja hupandishwa juu ya zabibu, akapewa shada ashike, akasindikizwa kwa nyimbo hadi uani. Mwaka ule hakuna msichana aliyekata zabibu kumshinda Huguette. Vidole vyake vilikuwa na vidonda vya mkasi, na mgongo ulikuwa umekataa kunyooka. Lakini aliyepandishwa alikuwa Ghislaine, binti wa mwoka mikate, aliyekuja shambani siku mbili tu, amevaa kofia mpya.

"Tazameni alivyopendeza!" watu walisema.

Huguette alitembea nyuma ya mkokoteni akinyonya damu kwenye kidole gumba, macho yake yakiwa kwenye ile kofia.

Wasichana hao walikuwa marafiki, na waliendelea kuwa marafiki. Hapo ndipo palipokuwa na taabu, kwa sababu Ghislaine hakumpa mtu nafasi ya kumchukia. Alikuwa mkarimu, mwepesi wa kucheka, na kila jema alilolipata alitaka kukuonyesha. Alipochumbiwa na Aymar de Varenoy, mrithi wa kasri na wa mashamba bora ya kilima kizima, wa kwanza kuonyeshwa pete alikuwa Huguette. Alipopata koti la manyoya, alikuja nalo hadi jikoni kwa Huguette, akamvalisha.

"Loo, linakupendeza kuliko mimi, shoga!" alisema. Kisha akalivua, akaondoka nalo.

Huguette aliolewa na Anselme Mazoyer, mpogoaji, yaani mkataji wa matawi ya mizabibu, aliyekuwa akifanya kazi kwa hao hao akina Varenoy. Anselme alikuwa mtu wa maneno machache, na alikuwa na safu tatu za mizabibu alizoachiwa na mama yake. Safu hizo zilikuwa katikati ya shamba la Varenoy, pale kwenye mgongo wa kilima ambapo jua hukaa hadi jioni. Hapakuwa na ua wala mtaro, ila jiwe moja upande huu na jiwe jingine upande ule. Udongo ulikuwa ule ule, mvua ile ile. Lakini zabibu za Varenoy zikishakuwa divai zilipanda ndege, zikaenda kufungiwa kwa kufuli katika majumba ya matajiri wa mbali. Divai ya Anselme ilinywewa Jumapili na shemeji zake, kwa vikopo vya kioo vilivyokuja na haradali ya dukani.

Jambo hilo lilimkereketa Huguette kila siku. Aliyajua mapazia ya kasri kuliko ya nyumbani kwake.

"Unahesabu tena mapazia ya watu," Anselme alikuwa akimwambia.

"Sihesabu. Nayaona tu."

"Basi yaone na haya ya kwetu. Yana tundu."

Anselme alikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Chama cha Mtakatifu Vinsenti, mlinzi wa wakulima wa mizabibu, kilimpogolea safu zake alipokuwa kitandani, kama kinavyomfanyia kila mwanachama anayeugua. Kabla hajafa alimwita Huguette, akamkumbusha zile chupa kumi na mbili zilizolala kwenye kona ya stoo ya chini ya ardhi. Zilikuwa za mwaka mmoja tu, mwaka ambao hata yeye, mtu asiyejisifu, alisema, "Mwaka huu nimepatia."

"Zile ni za mtakatifu," alisema. "Zamu yetu ikifika, uzifungue. Lakini watu wawe wameshakaa, Huguette. Bilauri ziwe mkononi. Divai ya umri ule ni kama mgonjwa. Ukimtoa kwenye baridi mapema, atakuwa ameshakufa kabla wageni hawajaingia."

Maana sanamu ya mtakatifu haikai kanisani pale Chervigny. Kila mwaka, katikati ya baridi ya Januari, hubebwa mabegani kutoka nyumba ya mwanachama mmoja hadi nyumba ya mwingine, ikakaa huko hadi Januari nyingine. Anayempokea huwapokea na watu wote, huwapa chakula, na huwamiminia divai ya mkono wake mwenyewe. Siku hiyo ndipo kijiji husema, kwa sauti, huyu ni mkulima au huyu anabahatisha. Zamu haikuwa imerudi kwa akina Mazoyer tangu Anselme akiwa mtoto. Sasa ilikuwa imekaribia, na Huguette alikuwa ameshatandika kitambaa cha lasi juu ya kabati la sebuleni, mahali pa kumweka.

Alikuwa akitaka jambo moja tu: Ghislaine aionje divai ya Anselme mbele ya watu, akose la kusema.

Mwezi Novemba aliitwa kasrini kuosha bilauri, kama alivyoitwa kila palipokuwa na karamu kubwa. Bilauri za kasri zilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na Ghislaine hakuziamini kwa mashine wala kwa mikono ya vijana. Mchana huo helikopta ilitua nyuma ya bustani, ikapeperusha majani yote yaliyokuwa yamefagiliwa. Walishuka mabwana na mabibi wa kutoka pembe nne za dunia, na hadi vitafunio vinamalizika, chupa zilizofunguliwa zilikuwa zimepangwa ukutani kama askari wa gwaride. Nyingine zilikuwa na umri mkubwa kuliko Huguette. Bwana mmoja mwenye saa nene aliomba barafu, akaitia ndani ya divai iliyolazwa gizani tangu kabla hajazaliwa, akaionja, akaisukuma pembeni, akaomba nyingine.

Bilauri zilirudi jikoni zikiwa nusu. Za wengine zilikuwa robo, za wengine tele kabisa. Ile yenye alama ya rangi ya mdomo ya Ghislaine daima ilirudi nusu. Hakuna aliyewahi kumwona akimaliza bilauri. Huguette alisimama mbele ya sinki na kumwaga. Divai nyekundu ilizunguka, ikashuka kwenye bomba, na harufu yake ikapanda hadi usoni. Moyoni aliapiza: wanamwaga kazi ya mtu ya mwaka mzima kama maji ya kuchemshia viazi.

Na kati ya hivyo vyote, kilichomuumiza zaidi kilikuwa majagi. Mezani kulikuwa na majagi ya kioo cha thamani, yenye shingo ndefu na tumbo pana, ambamo Ghislaine alikuwa amemimina divai changa za mavuno ya karibuni ili zipate hewa na kulainika. Mwanga wa mishumaa uliingia ndani yake ukakaa. Hapakuwa na chupa, hapakuwa na vumbi, wala maandishi ya chaki kama yale ya Anselme. Wekundu tu, kama vito.

Ghislaine aliingia jikoni akiwa na shanga tatu shingoni, akamkumbatia Huguette bila kujali povu.

"Shoga, nina ombi. Usikatae kabla hujasikia."

"Nikisikia ndiyo nikatae?"

Ghislaine alicheka. "Januari wageni hawa watarudi. Wamesikia habari za mtakatifu, wanataka kumwona akiingia nyumbani kwa mtu. Nimefikiri, safari hii aje hapa, ukumbini. Wewe utampokea Januari itakayofuata. Kule kwako patabana, na gharama zote hizo za nini? Nitaongea na Mzee Truchot wa chama, anitoe mimi kwenye foleni aniweke mbele. Hatakataa."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayeomba kuazimwa chumvi. Huguette aliishusha bilauri taratibu kwenye kitambaa, maana aliogopa ataivunja.

"Anakuja kwangu," alisema.

"Lakini fikiria..."

"Nimefikiria tangu Anselme yuko hai. Anakuja kwangu, Ghislaine."

Ghislaine alimtazama kidogo, kisha akapiga makofi kama mtoto. "Basi imekuwa vizuri zaidi! Tutakuja sote kwako. Na wageni. Itawapendeza zaidi, nyumba ya kweli ya mpogoaji!"

Huguette alirudi nyumbani na maneno hayo yakimkwaruza kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Nyumba ya kweli ya mpogoaji. Alishuka stooni na taa, akazitazama zile chupa kumi na mbili. Hazikuwa na karatasi za kuchapishwa. Zilikuwa na vumbi, na utando wa buibui, na mwaka ulioandikwa kwa chaki na mkono wa Anselme, tarakimu moja ikiwa imepinda. Tangu zilipolazwa hapo alikuwa akiziona nzuri. Sasa aliziona kwa macho ya yule bwana wa saa nene, akaona haya.

Wiki iliyofuata alikwenda kwenye mnada wa vitu vya zamani mjini Beaune, akarudi na majagi manne, shingo ndefu, tumbo pana. Hayakuwa ya kioo cha thamani, lakini ukiwa hatua mbili huwezi kujua.

Jirani yake, Josette Bressoud, mwanamke mwenye ulimi wa kukata kuni, aliyaona dirishani.

"Haya ni ya nini tena? Umeanza kufuga samaki?"

"Ni ya divai. Siku ya mtakatifu."

"Divai ipi? Usiniambie ni ile ya Anselme."

"Hiyo hiyo."

Josette aliweka kikapu chini. "Mwenzangu, majagi ni ya divai changa. Divai kongwe ya huku ukiimimina kwenye jagi ukaiacha, inapumua mara moja halafu haipumui tena. Hata paka wangu analijua hilo."

"Paka wako amewahi kula kasrini?"

"Hajawahi, na ndiyo maana ana akili."

"Nenda zako, Josette."

Huguette alilijua jambo hilo tangu yuko tumboni mwa mama yake. Hakuna mtu wa Chervigny asiyelijua. Lakini kila alipofumba macho aliona ule wekundu chini ya mishumaa, na chini yake aliona chaki iliyopinda.

Siku ya mtakatifu kulipambazuka na barafu juu ya mizabibu. Kabla ya misa Huguette alipandisha chupa, akazifungua moja baada ya nyingine, akamimina polepole ili mashapo yabaki chini. Majagi yalijaa zikiwa zimetumika chupa kumi na moja. Ile ya kumi na mbili aliirudisha stooni, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuimimina. Jiko zima lilinukia cheri na waridi na moshi wa kuni, harufu nzito na tamu ambayo hakuwahi kuinusa, na machozi yakamlengalenga. Alijua kuwa Anselme alikuwa kweli amepatia. Hakutaka kujua kwamba ile harufu ilikuwa inaondoka.

Misa ilikuwa ndefu. Maandamano yalikuwa marefu zaidi, bendera mbele, sanamu mabegani mwa wanaume wanne, tarumbeta zikikosea kwa baridi. Mzee Barnabé Truchot, mwenyekiti wa chama, alisimama kila njia panda kuzungumza. Walipofika kwa Huguette jua lilikuwa limeshapita juu ya kilima. Mtakatifu aliwekwa juu ya lasi. Watu walijaa sebuleni, jikoni, ngazini na uani, wakashika vimkate vya jibini na vipande vya nyama ya nguruwe iliyogandishwa pamoja na mchuzi wake na majani ya viungo. Ghislaine aliingia na wageni wake na koti lake la manyoya, akayaona majagi.

"Huguette! Ni mazuri ajabu!"

Moyo wa Huguette uliruka. Alimimina mwenyewe, akianza na mwenyekiti. Na alipokuwa akimimina aliiona rangi. Haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya chai iliyosahauliwa. Pua yake ilipata harufu ya tofaa lililokaa kabatini majira yote ya baridi, na nyuma yake, siki.

Mzee Truchot alionja. Nyusi zake zilipanda, zikabaki juu. Alimtazama Huguette, akatazama mtakatifu. Josette, kwenye kona, aliangalia viatu vyake.

Ndipo Ghislaine alipoinua bilauri yake, akaonja, akatabasamu.

"Oo," alisema kwa sauti ya kusikika hadi ngazini. "Hii ni divai ya watu wanaojua. Si kila mtu ataielewa. Mnasikia uyoga? Mnasikia majani ya vuli? Kwetu kasrini tuna chache za namna hii, na hatumpi kila mtu."

"Uyoga, ndiyo," alisema haraka bwana wa saa nene.

"Na ngozi ya tandiko," aliongeza mgeni mwingine.

Mzee Truchot alishusha nyusi. "Naam. Divai ya mtu mzima."

"Kweli, kweli," watu walisema, wakanywa, na aliyekuwa amekunja uso aliukunjua. Mtu mmoja alipiga kelele kutoka uani, "Hongera Anselme, popote ulipo!" Makofi yakapigwa.

Huguette alisimama na jagi mkononi. Alikuwa amepata karibu kila alichokitaka: divai ya mumewe kusifiwa mbele ya kijiji, na Ghislaine kuwa shahidi. Ila divai yenyewe ilikuwa maiti, na sifa ilikuwa sadaka. Ghislaine alikuwa amesema neno moja, na siki ikawa dhahabu. Yeye angeweza kusema maneno mia na dhahabu isingekuwa hata shaba. Wivu ulimpanda kutoka kwenye nyayo, ule ule wa siku ya mkokoteni. Ana kasri, alifikiri, ana kilima, ana koti. Sasa na jina la mume wangu awe nalo yeye, anipe kama nguo kuukuu?

"Imekufa," alisema.

"Unasemaje, Huguette?" aliuliza mwenyekiti.

"Divai imekufa, Mzee Truchot. Wewe unajua, na kila mtu humu anajua. Haina uyoga wala tandiko. Nimeiua mimi asubuhi, kwa haya majagi."

Ghislaine alimsogelea, akamshika mkono. "Nyamaza wewe," alinong'ona. "Nakusaidia."

"Kumbe umejua?"

"Nimejua tangu nilipoinusa."

"Basi usinisaidie. Ukishanisaidia utaondoka nayo, kama lile koti."

Ghislaine aliuachia mkono kana kwamba umemwunguza. Huguette aliweka jagi mezani, akashuka ngazi za stoo. Alirudi akiwa ameilaza chupa ya kumi na mbili juu ya mkono kama mtoto mchanga, na vumbi lake, na utando wake, na chaki iliyopinda. Hakuifuta. Alichukua kizibuo cha Anselme chenye mpini wa mzizi wa mzabibu, akavuta kizibo mbele ya macho yao.

"Mwageni hizo," alisema. "Leteni bilauri. Mtapata kidogo kidogo."

Watu walipita mmoja mmoja, kama kwenye komunyo, naye alimimina kiasi cha kulowesha ulimi. Mwenyekiti alionja, akavua kofia. Josette alionja, akamtazama Huguette, akatikisa kichwa na kusema taratibu, "Mwenda wazimu wewe. Kumi na moja!" Bwana wa saa nene alifungua mdomo atafute neno, mkewe akamkanyaga mguu.

Ghislaine alikuwa wa mwisho. Alifumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba watu walianza kutazamana. Alipoyafumbua hakusema uyoga, hakusema majani. Hakusema chochote. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo Huguette hakuwa ameisikia tangu wakiwa shule, aliuliza:

"Una nyingine?"

"Sina."

"Hata moja? Huko chini, kwenye kona? Nitakupa chochote unachotaka, Huguette. Chagua mwenyewe kule kwetu."

"Hata moja."

Ghislaine aliyatazama majagi manne, akamtazama Huguette, na usoni mwake palikuja kitu ambacho Huguette alikitambua mara moja, kwa sababu alikuwa akikiona kwenye kioo chake mwenyewe kila asubuhi. Alitaka kilichokuwa cha mwingine, na hakikuwa cha kupatikana. Huguette alisimama akaitazama sura hiyo vizuri, bila haraka, kama mtu anayeota jua.

Watu walipoondoka, kukiwa bado na mwanga kidogo wa jioni dirishani, alikunja mikono ya gauni na kuanza kuosha. Ndipo alipokumbuka kwamba alikuwa amemmiminia kila mtu ila yeye mwenyewe. Aliigeuza chupa juu ya kiganja. Lilitoka tope la mashapo tu. Alitafuta kati ya bilauri, moja baada ya nyingine, mpaka akaipata ile yenye rangi ya mdomo. Kwa maisha yao yote bilauri hiyo ilikuwa ikirudi nusu. Aliinua, akaielekeza kwenye dirisha, akaipindua juu ya ulimi wake, akangoja.

Hakikudondoka kitu. Ghislaine alikuwa ameinywa hadi tone la mwisho.

Huguette aliishika bilauri hiyo kifuani, chini ya macho ya mtakatifu, akicheka peke yake kwa furaha. Na bado, katikati ya kicheko hicho hicho, alimwonea wivu.